Theluji ya Wiki Ijayo

Mwaka huu theluji iligoma. Tena haikugoma kwa adabu, ya kuchelewa kidogo halafu ikaja inaomba radhi. Iligoma kabisa, na mwezi wa nane, ambao huku ni katikati ya baridi, ukaingia milima ikiwa na rangi ya gunia. Aliyepewa kazi ya kuwaeleza watu wa Sydney habari hiyo, kwa sauti tamu na bila kuwaeleza, alikuwa Saleha, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, ambaye theluji pekee aliyowahi kuigusa kwa mkono wake ni ile inayoganda kwenye friza lake.

Usicheke. Wangapi wako huku wanafanya kazi ambazo kwao hata jina hazina? Yazid, mume wake, Tanga alikuwa mwalimu wa jiografia, na leo anaendesha lori la makontena Port Botany. Saleha naye alikuwa mpokea wageni wa hoteli, akaja na Kiingereza chake kizuri na subira yake, akapata kazi ya simu kwenye ofisi moja Parramatta, ghorofa ya tatu. Ofisi hiyo inapokea simu za biashara ndogo ndogo zisizo na mtu wa kuzipokelea: madaktari wa meno, mafundi wa magari, na kituo kimoja cha kuteleza kwenye theluji kiitwacho Perrin Gap.

Perrin Gap iko kusini, kwenye milima, ukishaipita Cooma. Ni kituo kidogo, cha kuhurumiwa. Kina hoteli moja, mgahawa mmoja wa supu, na lifti chache, yaani vile viti vinavyoning'inia kwenye waya na kuwapandisha watu juu ili washuke wakiteleza, mbao zimefungwa miguuni. Vituo vikubwa vina mitambo na wataalamu wao. Perrin Gap ilikuwa na mzee Des kule mlimani na Saleha huku mjini.

Kila asubuhi Des, mtunza lifti, humpigia Saleha kumpa hali ya mlima. Si mtu wa maneno. Msimu mzima alikuwa akisema neno moja tu: nyasi. Akiwa na moyo wa kuzungumza huongeza tope. Baada ya hapo ndipo kazi ya Saleha inapoanza, kwa sababu ripoti ya theluji haiandikwi nyasi. Mvua inaitwa unyevu. Barafu ngumu ya kuvunja mtu kiuno inaitwa uso imara. Lifti zikifungwa zote isipokuwa moja, zinaitwa lifti zinazofunguliwa kulingana na hali. Na mwisho wa ripoti, kila siku, lazima pawe na baridi inayotarajiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, baridi nayo inasogea mbele.

Aliyemfundisha maneno hayo ni bosi wake, Ornella, Mkongo wa Bukavu, mdogo kwake kwa umri lakini mkubwa kwa kiti. Ornella si mtu mbaya. Siku Saleha alipolalamika kwamba huu ni uongo mtupu, alivuta kiti akakaa naye, akamwambia taratibu, "Maman Saleha, sisi hatudanganye watu. Tunachagula tu." Na kweli, ukiichambua ripoti neno kwa neno hukuti uongo. Kuna ukweli uliochaguliwa, ukapangwa, na ule mwingine ukaachwa nje mlangoni.

Nyumbani kwao Rooty Hill jambo hili lilikuwa mchezo. Yazid akirudi kazini, kabla hata ya kuvua buti, huuliza ripoti ya jikoni. Saleha humjibu kwa sauti ya kazini kwamba wali una uso imara, mchuzi una unyevu, na kuku anatarajiwa wiki ijayo. Walicheka sana kwa hayo, mwanzoni. Siku za karibuni Yazid alikuwa haulizi tena, na Saleha alidhani ni uchovu. Wote walikuwa wamechoka, kwa kweli. Kuchoka kwa ugenini kunaingia mpaka kwenye mifupa, ukilala unaamka nako.

Lakini kilichomchosha Saleha kuliko simu na kuliko treni kilikuwa Tanga. Mama yake alipatwa na kiharusi mwezi wa tano, upande wa kulia ukamlegea wote. Aliyekuwa akimtunza ni Fawzia, mdogo wake Saleha, na Saleha alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: amwone mama angali anamjua. Aliomba likizo. Ornella akamwambia likizo hakuna mpaka Perrin Gap ifungwe mwezi wa kumi, baada ya hapo aende hata miezi miwili. Saleha akawa tayari kuacha kazi. Akampigia Fawzia, akamuuliza waziwazi, nije sasa au nisubiri? Fawzia akasema asubiri. Mama yupo, asiache kazi kwa jambo ambalo linakwenda vizuri.

Basi akasubiri. Na mwili ukamdai. Mwezi wa sita alianguka pale pale ofisini, kichwa kikagonga meza, wakamkimbiza hospitali. Presha. Daktari akamwambia Yazid, kwa ukali wa madaktari wa huku, kwamba mshtuko mmoja zaidi utamweka pabaya. Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa akimshika Saleha kama yai.

Kila siku, saa za Tanga zikiwa asubuhi, Fawzia alimtumia ujumbe wa sauti, na Saleha aliusikiliza akiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani. Ulikuwa ujumbe wa kawaida: kalala vizuri, kala uji, dawa katumia, jirani kaja kumwangalia. Kisha mwishoni, kutoka nyuma, kitandani, ilisikika sauti ya mama, nzito na ya kukokota, ikipiga kelele neno lile lile: "Mwambie avae soksi mbili!" Mama alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe anafanya kazi ya theluji. Alielewa kwamba Saleha anashinda juu ya barafu na koleo mkononi, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo. Saleha alikuwa akicheka peke yake kwenye treni, abiria wanamtazama. Neno lile lilikuwa ndilo dawa yake ya presha, si vidonge.

Sasa, Ijumaa moja ya mwezi huo wa nane, simu ikaita, mtu akaanza kwa Kiingereza. Saleha alipotaja jina lake yule mtu akauliza kwa Kiswahili kama huyu dada ni wa Pwani. Alikuwa anaitwa Gitau, Mkenya, anakaa Blacktown, vituo vichache tu vya treni kutoka kwa Saleha. Mama yake amekuja kumtembelea kutoka Nyeri, na Alhamisi anarudi. Akaeleza kwamba mama huyo amezaliwa na kuzeekea chini ya Mlima Kenya. Maisha yake yote, asubuhi za mbingu safi, amekuwa akitoka nje na kuuona mlima ule na kichwa chake cheupe, na hajawahi kukifikia. Aliposikia kwamba huku kuna theluji inayofikika kwa gari, aliomba jambo hilo moja tu, aishike kwa mkono.

"Dada," Gitau akasema, "niambie ukweli kama mtu wa nyumbani. Theluji iko ama hakuna?"

Saleha akageuza macho nyuma. Ornella alikuwa kwenye meza yake, visikilizio masikioni, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kusikiliza simu za wafanyakazi. Angekuwa bosi Mzungu, Saleha angejificha ndani ya Kiswahili. Ornella Kiswahili anakijua kama anavyolijua jina lake. Na kazi hii ndiyo iliyokuwa inalipa nauli ya mwezi wa kumi, nauli ya kwenda kwa mama.

Kwa hiyo akamjibu kwamba hali ni ya kubadilika. Njia za juu zina theluji. Baridi inatarajiwa. Mgahawa uko wazi na supu ni nzuri. Alisema yote hayo kwa Kiswahili laini cha Tanga, na ulaini huo ndio uliomponza Gitau, maana alishukuru, akamwombea baraka, akakata simu akiwa amefurahi. Na njia za juu kweli zilikuwa na theluji. Ilikuwa theluji ya mashine, utepe mmoja upana wa mkeka, mahali ambapo mwanamke wa umri ule hafiki, kwa sababu lifti ya kupanda huko ilikuwa imefungwa tangu mwanzo wa mwezi. Saleha alivua visikilizio akaenda kunywa maji. Hakujipenda hata kidogo.

Jumapili kulikuwa na khitma Bankstown, nyumbani kwa mzee Vuai na mkewe Bi Ghaliya, ambao ndio wakubwa wa watu wa pwani katika mji huu. Saleha aliambiwa ni khitma ya wazee wetu wote waliotangulia. Akavaa buibui lake, akaenda. Wanaume walisoma Kurani sebuleni, wanawake chumbani, pilau ikapikwa nyuma ya nyumba kwenye sufuria kubwa, na Saleha, ambaye mkono wake wa kupakua unajulikana, akakamata upawa. Alipakua sahani za watu wote. Alitania, akawaambia wanawake kwamba nyama leo iko njia za juu tu, na wanawake wakacheka, ila walicheka vibaya, kicheko cha kuangalia chini. Bi Ghaliya alimzuia asioshe vyombo. Alimshika mkono, akaushikilia muda mrefu. Saleha alijua ni kwa ajili ya ile presha, na akachoka moyoni kwa kuhurumiwa. Yazid sahani yake hakuimaliza, naye ni mtu wa pilau.

Jumatatu Gitau akapiga tena.

Saleha aliitambua namba kwenye skrini. Alijua atatukanwa, na alitamani atukanwe, amalize. Lakini Gitau hakutukana. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeendesha gari njia nzima akiwa amenyamaza. Walifika, akasema, wakakuta tope. Mama alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani na mabuti ya mpira ya kuazima. Alisimama pale kwenye maegesho ya magari, akatazama ule mlima wa nyasi, akatazama na huku na huku, kisha akamgeukia mwanawe akamwambia ni pazuri.

"Alisema ni pazuri," Gitau akasema. "Hapo ndipo nilijua ameumia."

Saleha akaanza kuomba radhi kwa maneno ya ofisini, yale ya hali ya hewa kubadilika bila taarifa. Gitau akamwacha amalize.

"Sikupiga kulalamika," akasema. "Nimekumbuka maneno yako yote njiani, na yote yalikuwa kweli. Lakini mimi nilikuuliza kwa Kiswahili, dada."

Akakata. Saleha alikaa na simu iliyokufa sikioni. Simu nyingine zikawa zinaita, taa zinawaka, naye hazioni. Alikuwa ameshatukanwa na watu wengi katika kazi hii, walevi na wenye hela, na hakuna tusi lililomwingia kama lile.

Jioni akapanda treni yake. Akapata kiti cha dirishani, akaegemeza kichwa, akafungua ujumbe wa Fawzia. Fawzia alisema huko hawajambo. Nyumba imejaa watu, mpaka mikeka imetandikwa uani. Jirani wa nyuma kaleta maandazi, wa mbele kaleta maji ya kunywa, watu wa Tanga bado wana utu. Mvua imenyesha kidogo. Maumivu yamekwisha, alhamdulillahi. Dada ajitunze, anywe dawa.

Saleha akatabasamu, akaurudisha mfukoni ule mkono wenye simu. Treni ikaondoka. Na hapo, bila yeye kutaka, lile sikio lake la kazini likaamka. Lilianza kuupima ujumbe ule kama linavyopima ripoti. Maana kazini kwao ipo alama moja isiyokosea: ripoti ikisifia maegesho na supu, theluji haipo. Kitu kisichotajwa ndicho kisichokuwepo.

Akatoa simu, akausikiliza tena. Maandazi yapo. Majirani wapo. Mvua ipo. Mama kala nini? Mama kasema nini? Akarudi nyuma, ujumbe wa Jumapili, wa Jumamosi, wa Ijumaa. Watu wamejaa. Shangazi kaja kutoka Pangani. Shehe kapita kuomba dua. Akafika wa Alhamisi, Fawzia akiwa na sauti ya mafua: "Jana tulimkogesha vizuri, tukamfukiza udi, katulia." Saleha aliwahi kuusikia ujumbe huo, siku ile ile, na akashukuru kwamba mama yake ananukia udi.

Akatafuta soksi. Alizitafuta katika kila ujumbe, akiusogeza mpaka mwisho, akikandamiza simu sikioni, huku treni ikipita Blacktown. Soksi za mwisho zilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Baada ya hapo hapana sauti ya nyuma. Kulikuwa na vikombe, na watoto, na mtu akisoma kwa mbali, na Saleha hakuwahi kujiuliza anasoma nini.

Alishuka Rooty Hill, akatembea mpaka nyumbani. Yazid alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Hilo nalo. Yazid, ambaye miaka yote jikoni huingia kufuata maji tu, alikuwa amepika kila jioni tangu wiki iliyopita, na Saleha alikuwa amemshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye huruma. Alisimama mlangoni na koti lake.

"Yazid, nitakuuliza neno moja. Usinichagulie. Mama yupo?"

Yazid akazima jiko.

"Hayupo, Saleha," akasema. "Tangu Jumatano."

"Na Jumapili?"

"Ilikuwa yake."

Saleha akakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni, na mkoba begani. "Nimepakua pilau ya mama yangu," akasema. "Nilikuwa nacheka, Yazid. Mmeniacha nikacheka."

Yazid alikaa chini naye. Alilia, mwanamume yule mkubwa, alilia kabla ya mkewe. Akaeleza kwamba Fawzia alimpigia yeye, akiwa kwenye foleni ya malori bandarini, na akamwapisha asimwambie Saleha bila watu wa kumshika, kwa sababu ya ile presha. Akaenda kwa mzee Vuai. Wakapanga kwamba Jumapili, khitma ikimalizika, wakubwa watamkalisha chini na kumwambia kwa utaratibu, na Bi Ghaliya awe pembeni yake na maji. Lakini Saleha alikuja akitania, upawa mkononi, na kila mmoja akamtazama mwenzake aanze yeye. Hakuna aliyeanza. Wakaahirisha mpaka wiki ijayo.

Na hii ndiyo desturi yetu, wala mtu asijifanye haijui. Kwetu mtu wa mbali hapigiwi simu akaambiwa kafiwa. Anaambiwa mgonjwa hali si nzuri sana, njoo. Ataupata ukweli akishafika, watu wakiwa wamemzunguka, wa kumshika wapo. Ni huruma, na nyumbani ni huruma ya kweli, kwa sababu kuna mlango wa kufikia na watu wa kukushika. Huku uhamishoni huruma hiyo haina mlango. Inamzungusha mtu nje, kila siku, anachekacheka, na wote wanaomtazama wanajua.

Alimpigia Fawzia jioni ile ile, kwao ikiwa mchana mweupe. Fawzia aliposikia pumzi tu ya dada yake akajua. Hakujitetea. Alisema yote waliyoyaficha na alivyoyaficha, kwamba tangu mwisho wa mwezi wa saba mama alikuwa hali chakula, halafu hazungumzi, na kwamba daktari alishawaambia. Saleha akamuuliza kwa nini alimwambia asubiri, wakati nauli ilikuwepo na miguu ilikuwepo. Aliuliza kwa ukali ambao hakuwahi kumtolea mdogo wake.

"Mama mwenyewe alikataza," Fawzia akasema. "Alisema ukijua utaiacha kazi yako. Dada, lile neno la soksi, alikuwa analikusanya tangu alfajiri. Akishalisema, basi, siku nzima hasemi tena."

Hapo ndipo Saleha alipolia. Presha haikumuua, kama kila mtu alivyoogopa. Alilia mpaka akachoka, akanawa uso, akaswali, akalala.

Siku zilizofuata nyumba ya Rooty Hill ilijaa watu, viatu mlangoni mpaka kwenye nyasi. Mzee Vuai alikuja kuomba radhi, fimbo mkononi, akishindwa kuanza. Bi Ghaliya alilia kuliko mfiwa. Ornella alikuja na wanawake wenzake wa Kikongo kutoka kanisani kwao, wakaleta maji na mkate, wakakaa kimya kwenye mkeka kwa heshima kubwa. Saleha aliwasamehe wote. Asidanganye mtu kwamba ni wema. Alisamehe kwa sababu kukasirika kunataka nguvu, naye nguvu hakuwa nazo. Aliposhindwa kuvumilia kuangaliwa, Ijumaa akarudi kazini.

Na Ijumaa hiyo theluji ikaamua kuja. Ilikuwa imeanza Alhamisi jioni, ikaanguka usiku kucha bila kupumua. Des alipopiga asubuhi hakuwa mtu yule yule, alizungumza mpaka Saleha akachoka kuandika. Imefika magotini, akasema, miti imeinama, lifti zote zinafunguliwa, na mwenyewe ametoka nje akasimama tu kama mtoto. Saleha akakaa kuandika ripoti. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kutafuta neno la kufunikia, vikatafuta, vikakosa cha kufunika. Aliandika kwamba theluji ni nyingi na lifti zote ziko wazi. Ripoti nzima ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika.

Simu ziliita asubuhi nzima. Ilipofika saa ya chakula alichukua namba ya Gitau, akatoka na simu yake mwenyewe mpaka kwenye ngazi za nyuma, mahali ambapo hakuna kinasa sauti wala Ornella. Gitau alipokea akiwa kazini, nyuma yake mashine zinanguruma. Saleha akajitaja. Akamwambia kwamba ile Ijumaa alimficha, theluji haikuwepo, na alijua haipo.

"Leo ipo," akasema. "Imefika magotini. Nakwambia kama ilivyo."

Gitau akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema mama aliondoka jana. Sasa hivi atakuwa ameshatua Nairobi, ndugu wamempokea, yuko njiani kwenda Nyeri. Hakumlaumu Saleha. Halafu akasema afadhali asimwambie mama. Kule atakuwa ameshawaeleza watu kwamba ni pazuri. Akijua theluji imeanguka siku ile ile aliyopanda ndege itamuuma bure, na ni mzee. Wacha apumzike na safari. Atamtafutia siku nzuri ya kumwambia, labda wiki ijayo.

Saleha aliketi kwenye ngazi. Viatu vilikuwa vinambana, kwa sababu tangu siku ile ya jikoni alikuwa anavaa soksi mbili.

"Mwambie," akasema. "Mpigie leo, kaka, wakati bado anapokea mwenyewe."